Bili ya Upepo

Wiki jana mliniacha nimekalia kiti cha Meneja wa maji pale Nkubu, nimekataa kuinuka. Wengine mmenipigia simu kuuliza kama niliinuka. Niliinuka. Askari wawili wa langoni walinisaidia.

Kwa wale mliokuwa shambani wiki jana, mimi ni Karambu, mke wa Kailemia, mama yake Kinya. Mita yangu ya maji ilikufa, sindano ikasimama mahali pamoja. Nilienda kuripoti, nikaambiwa fundi yuko njiani. Nikarudi, bado yuko njiani. Miaka miwili fundi alikuwa njiani, na kila mwezi nililipa ile bili ndogo waliyonitumia. Mwishowe wakaweka mita mpya. Mwezi haujaisha sawasawa, wakaniletea bili ya elfu tisini na nne, ya kurudi nyuma miaka yote miwili.

Mimi, mwenye ng'ombe mmoja na mume mmoja.

Basi askari waliponiweka kwenye benchi la wateja, Meneja alizunguka meza akaja kunisimamia. Ni mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye tai shingoni na sauti ya mtu anayeombea mgonjwa. Kabla ya kusema neno lolote hukohoa kidogo, kama anabisha hodi kooni mwake.

"Mama," alisema baada ya kukohoa. "Mita ya zamani ilikuwa imekufa. Sasa tumeangalia hii mpya, tukaona unatumia maji ngapi kwa mwezi, tukazidisha na ile miezi yote. Hiyo ni hesabu tu. Haina ubaya na mtu."

"Na hayo maji nilipeleka wapi?"

"Hiyo ndiyo wewe unafaa kutuambia."

"Niliyanywa?"

"Sijasema umekunywa."

"Nilipelekea Waislamu wa Isiolo wakatawadha?"

"Mama, mita mpya haidanganyi. Lipa mpaka Ijumaa ama tukate."

Ijumaa!

Jumamosi wakwe walikuwa wanaleta mahari. Kinya ni mtoto wangu wa pekee. Mchumba wake wa kwanza alipotea wiki ya mahari, tukabaki na hema, viti vya kukodi na sufuria za pilau isiyo na mlaji. Yule mtoto alilia nyuma ya zizi mpaka ng'ombe akaacha kula. Nilijiapia kwamba wakija wengine, hakuna kitu kitakachoharibu siku yake, hata kama ni mimi mwenyewe. Sasa nitapikia watu sitini na nini? Mate?

Hasira ikapanda.

"Wewe ni mtu wa wapi?" nikamuuliza.

"Embu."

"Embu ya juu ama ya chini?"

"Ya chini. Mbeere."

"Ndiyo maana! Mtu amezaliwa mahali mvua inapita ikiangalia kando, akipewa mfereji wa watu anajiona ameshika kisima cha mafuta! Mwizi wewe! Mwizi wa tai!"

Ofisi nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Alikohoa.

"Tutaonana, mama."

"Tutaonana kortini!"

Nilikuwa nimefika sokoni nilipokumbuka kwamba Muchangi, mchumba wa Kinya, naye kwao ni huko huko Mbeere. Nikajipa moyo kwamba Mbeere ni kubwa.

Nikafika nyumbani. Nilibeba kiti nikaenda kukaa mbele ya ile mita mpya, niiangalie usoni.

Kwetu maji huja kwa zamu, na zamu haina saa. Kwa hivyo kila boma huacha mfereji wazi na pipa chini yake. Ukisikia maji yanagonga pipa, unakimbia. Ukifunga mfereji siku ya zamu, jirani wa chini anajaza mapipa yake yote na wewe unabaki ukiuliza kama yamekuja. Tumelelewa hivyo. Hata mama yangu akienda kanisani alikuwa anamwacha mtu wa kusikiliza pipa.

Siku hiyo maji hayakuwa yamekuja. Mfereji ulikuwa wazi, unapuliza tu, fuuu, fuuu. Pipa kavu kabisa, kuku alikuwa amelala ndani.

Na mita ilikuwa inakimbia.

Nilisugua macho. Nikaangalia pipa, nikaangalia mita. Sindano ilikuwa inazunguka mbio, na hakuna hata tone.

"Baba Kinya! Kuja uone maajabu!"

Kailemia alitoka kwenye shamba la kahawa na panga mkononi. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na hata hayo machache huyatoa kama anayauza. Aliinama, akaweka kiganja mdomoni mwa mfereji.

"Ni upepo," alisema.

"Upepo gani?"

"Maji yakifunguliwa huko juu, yanasukuma upepo kwa paipu. Unatoka hapa kwanza."

"Na mita inauhesabu?"

Akaangalia mita. "Si unaiona?"

Watu wangu, nilikuwa nadaiwa upepo! Walipima upepo wa mwezi mmoja, wakauzidisha kwa miaka miwili, wakaniandikia elfu tisini na nne. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia kidogo. Halafu nikatoa simu nikarekodi kila kitu, mita, mfereji, pipa, hata kuku.

"Sasa funga mfereji," Kailemia aliniambia.

"Nyamaza, unaingia kwa video."

Alhamisi nilikuwa ofisini mapema. Meneja hakuwepo. Sheila, msichana wa dirishani, alisema amechukua likizo, ana shughuli ya familia. Nikamwonyesha video. Aliitazama, akaangalia nyuma kama kuna mtu, akaitazama tena.

"Mama Kinya," alininong'oneza, "si wewe peke yako. Mtaa wenu wote mita ni hizi. Hii ikionekana, watu wote watataka kurudishiwa pesa zao."

"Basi ionekane!"

"Kamati ya malalamiko inakaa Jumatatu. Kuja wewe mwenyewe na hiyo simu. Nimeandika una lalamiko, hawatakata mpaka wakusikize."

Niliruka nikamkumbatia kupitia dirishani, nikaangusha kalamu zake. Jumamosi ilikuwa na maji. Jumatatu ingekuwa na haki. Niliingia sokoni nikanunua mchele bila hata kuomba kupunguziwa bei, na hiyo si tabia yangu.

Jumamosi wakaja.

Nilisikia vigelegele nikiwa jikoni na dada yangu Kathambi, tumezama kwenye mukimo wa viazi na mahindi mpaka viwiko. Nilichungulia dirishani. Lori dogo limeingia uani. Juu yake kuna kondoo jike, kondoo dume, mtamba mzuri wa kahawia, na ng'ombe ndume. Yule ndume, wacha niwaambie! Mweusi, shingo nene, anatuangalia sisi wote kama ametutembelea yeye. Majirani walinyamaza kwa heshima.

Nilitaka kucheza. Kinya wangu ametolewa ndume wa namna hiyo!

Halafu nikasikia mtu anakohoa kidogo.

Mwiko ulinitoka mkononi.

"Kathambi, angalia. Yule mrefu wa kofia ni nani?"

"Huyo ni Njoka, baba ya Muchangi. Si mara ya kwanza hakuja? Alikuwa kazini, akatuma ndugu yake."

"Kazini wapi?"

"Kinya alisema ni afisa. Wa maji, nafikiri. Mbona umekaa chini?"

Nilikuwa nimekaa kwenye gunia la viazi. Nilimweleza kila kitu, kisima cha mafuta, mwizi wa tai, kila kitu. Dada yangu alifunga macho.

"Ulimwita mwizi?"

"Mbele ya wateja."

"Na tai ukaitaja?"

"Niliitaja."

"Karambu, akikuona ataingiza hao wanyama wote kwa lori arudi kwao Siakago!"

Sikuogopa Meneja, nilimwogopa baba ya Muchangi. Nilimwona Kinya tena nyuma ya zizi.

"Basi leo wewe ndiwe mama ya Kinya," nikamwambia.

"Mimi? Hao waliokuja mara ya kwanza walikuona!"

Wakati tunabishana, wasichana waliingia mbio na leso. Ilikuwa imefika ile saa ya kumficha bibi harusi. Mnaijua. Wasichana wanafunikwa leso kichwa mpaka miguu, wanapangwa mstari mbele ya wageni, na kijana anatafuta wake. Akikosea, wanalipa faini na watu wanacheka.

Na mimi, mama mzima, mshirika wa kanisa, nikaona hapo pana maficho. Hakuna anayemtafuta mama chini ya leso. Nitatoka na wasichana, Kinya akipatikana watu watapiga kelele, nami nitateleza nyuma ya nyumba mpaka jioni, Kathambi aseme nimeshikwa na tumbo.

Nikapokonya leso nikajifunika. Viatu vyangu vya jikoni vilikuwa na mukimo, kwa hivyo nikavaa vya kwanza nilivyoona mlangoni. Vilikuwa vyeupe, vya michezo, vimenibana vidole.

Tulitoka, tukapangwa. Chini ya leso niliona ardhi tu. Nikaona viatu vya Muchangi vinapita, vinapita, vikasimama mbele yangu.

Hapo ndipo nilipokumbuka ni nani alimnunulia Kinya vile viatu vyeupe.

"Huyu!" Muchangi alisema kwa furaha, akavuta leso.

Kwetu kijana hata mkono wa mama mkwe hausalimii hovyo. Anapita mbali, anaangalia chini. Sasa huyu amenifunua kichwa mbele ya watu sitini, na kitambaa changu cha nywele kikaenda na leso.

Muchangi alirudi nyuma mpaka akamkanyaga mchungaji wa kanisa letu. Kisha mzee Mithika, msemaji wa upande wetu, akainua fimbo na kupiga kelele kama mtu aliyeokota pesa.

"Faini! Mkwe amefunua mama mkwe! Faini ya mbuzi mnono!"

Watu wakalipuka. Kinya alijifunua mwenyewe upande ule mwingine wa mstari, ameshika mdomo. Na mimi nikabaki uso kwa uso na Njoka.

Alikohoa.

"Mama," alisema.

"Muthoni," nikajibu. Hivyo ndivyo tunavyomwita mkwe, na lile neno lilipita kooni kama gunzi la mahindi.

Nilingoja aite dereva. Hakuita. Aliniangalia, akaangalia mita yetu pale kwenye kona ya ua, akaniangalia tena. Kisha akatabasamu, na sikulipenda lile tabasamu.

Wanawake wa upande wao waliniletea blanketi. Hiyo ni haki ya mama. Blanketi likishakaa mabegani mwako, nyinyi ni wakwe. Huwezi kumpandishia muthoni sauti, wala yeye hawezi kukupandishia. Wakanifunika. Lilikuwa zito, jekundu, la bei. Kathambi alishukuru Mungu kwa sauti.

Tulikula. Nikaona Njoka anamshika Kailemia mkono, wanaenda pamoja hadi kando ya zizi na mzee Mithika. Njoka anaongea, mume wangu anatikisa kichwa kukubali. Sikuwa na wasiwasi sana, kwa sababu Kailemia hukubali kila kitu ili arudi kwenye kahawa.

Ilifaa niwe na wasiwasi.

Wakati wa kukabidhi ulipofika, kondoo jike akashushwa, vigelegele. Kondoo dume akashushwa, vigelegele. Mtamba akashushwa, mimi mwenyewe nikapiga. Asali ikaletwa. Kisha Njoka akafunga mlango wa nyuma wa lori, akatia kufuli, akaweka ufunguo mfukoni.

Ndume alikuwa bado yuko juu.

"Na huyo?" mtu wa kwetu akauliza.

Njoka alisimama, akakohoa, akaondoa kofia.

"Wakwe zangu. Mimi ni mfanyakazi wa maji. Katika boma hili kuna deni la maji, elfu tisini na nne. Nimejiuliza, nitakuwaje na muthoni mwenye deni kwa ofisi yangu mwenyewe? Ni aibu kwangu. Nimeongea na baba ya msichana, nimeongea na mzee. Kuanzia leo, hilo deni nimelilipa mimi. Na ndume, kwa vile bei yake ni hiyo hiyo, anarudi nyumbani. Tumelipana. Na yale maneno niliambiwa ofisini, nimesamehe."

Watu walipiga makofi! Majirani zangu walisimama kupiga makofi! Mchungaji alisema amina. Mzee Mithika alimshika Njoka mkono akasema hajawahi kuona wakwe wenye roho safi namna hii.

Nilimtafuta Kailemia kwa macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nilikaa pale na blanketi langu nikapiga hesabu. Deni lilikuwa la upepo. Upepo umelipwa na ndume. Kwa hivyo binti yangu ametolewa upepo, mimi nimeambiwa asante, na yule mnyama anaondoka akitafuna nyasi zangu.

Na Jumatatu? Nikipeleka ile simu kwa kamati, deni halikuwepo, kwa hivyo ndume hajalipwa, na baba mkwe wa binti yangu ndiye aliyesema mita haidanganyi. Anaweza kupoteza kazi. Nisipoipeleka, basi mimi ni mwanamke aliyekuwa mdaiwa akasamehewa, na hawa wote wanaopiga makofi wataendelea kulipia upepo mpaka wazikwe. Niliona aibu, na niliona hasira, na sikujua ipi ni kubwa.

Nilijaribu kwa upole. Mungu ni shahidi, nilijaribu.

"Muthoni," nikasema kwa sauti ya chini, "hilo deni umelipa, lilikuwa la maji?"

"La maji, muthoni."

"Maji yaliyopita kwa mfereji wangu?"

Akakohoa. Mara hii kikohozi kilichelewa kuisha, na nikajua kwamba anajua. Alikuwa anajua hata kabla ya mimi kuingia ofisini mwake.

"Muthoni," alisema, "leo si siku ya mita."

"Ni siku ya ndume. Mshushe."

Minong'ono ikaanza. Mzee Mithika akanyoosha fimbo.

"Mama Kinya, kumbuka uko na blanketi mabegani. Aliye na blanketi hagombani na muthoni."

Ni kweli. Aliye nalo hagombani.

Nikaanza kulivua.

Sijawahi kuona mama akivua blanketi la wakwe, na nafikiri hakuna mtu pale aliyewahi kuona. Kathambi alishika pindo la upande mmoja akavuta kwenda juu, mimi nikavuta kwenda chini. Lilikuwa limebaki bega moja niliposikia sauti ya mtoto wangu.

"Mama."

Kinya alikuwa amekuja mpaka mbele yangu, na viatu vya kuazima miguuni kwa sababu vyake nilikuwa navyo mimi. Hakuwa analia. Ningefurahi kama angekuwa analia.

"Wewe ndiye ulisema hakuna kitu kitaharibu hii siku," alisema polepole. "Ukivua hiyo blanketi, mimi napanda hiyo lori na huyo ndume. Na sirudi hapa, mama. Si Krismasi, si mazishi."

Mikono yangu ilisimama. Nilimwangalia Kailemia, lakini Kailemia alikuwa anaangalia kahawa yake.

Aliyesogea ni Muchangi. Tangu aliponifunua hakuwa ameinua macho, na hata sasa hakuyainua. Alipita katikati yetu akiangalia chini, akaenda kusimama mbele ya baba yake na kunyoosha mkono.

"Baba," alisema, "nipe ufunguo wa lori."

Na hakuna mtu pale uani aliyejua kama anataka kumshusha ndume, au kumpandisha binti yangu.